Siagi iliyokwenda melini: historia ya chakula cha asili cha Ayalandi

Kila ifikapo Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, mikahawa ya New York, Boston na Chicago huuza sahani moja kwa jina la chakula cha Waayalandi: nyama ya ng'ombe ya chumvi iliyochemshwa pamoja na kabichi. Mgeni akifika Dublin akaiulizia, mwenyeji hubabaika, maana kwao kabichi huenda na bekoni. Ni wahamiaji waliotua New York katika karne ya 19 walioikuta nyama ya ng'ombe ikiwa rahisi kuliko ya nguruwe, wakawa wanainunua kwa wachinjaji wa Kiyahudi waliokuwa majirani zao, hatimaye ikawa chakula chao cha sherehe. Wapo wanaosikia kisa hicho wakakata shauri kwamba Ayalandi haina mapishi yake, ila viazi na kumbukumbu ya njaa. Shauri hilo ni la haraka mno. Kisiwa hicho hakijawahi kukosa chakula kizuri. Kilichotokea ni kwamba kwa karne mbili na zaidi kilicho bora kilipakiwa melini, na anayetaka kumkirimu mgeni leo hana budi kujua ni kipi kilichoondoka na kipi kilichobaki.

Kabla ya kiazi kulikuwa na ng'ombe. Sheria za kale za Waayalandi zilipima mali, fidia na hata hadhi ya mtu kwa ng'ombe wa maziwa, jambo ambalo Mmasai au Mnyankole hahitaji kuelezwa mara mbili. Sheria hizo zilifika hadi kwenye bakuli la mtoto anayelelewa katika nyumba ya watu wengine: wa daraja la chini alipewa uji wenye siagi ya chumvi, mwana wa mfalme uji wenye asali. Katika kinamasi huchimbuliwa hadi leo siagi iliyofukiwa zamani ihifadhike, na ya kale zaidi iliyopimwa ina umri wa miaka ipatayo 3,500. Hadithi ya dhihaka ya karne ya 12 iitwayo Aislinge Meic Con Glinne, inayomhusu mfalme aliyeingiwa na pepo wa ulafi, imejaa maziwa, jibini na mafuta kiasi cha kumshibisha msomaji kwa macho tu. Mwingereza William Petty, aliyeandika miaka ya 1670, naye aliwakuta wanyonge wa Ayalandi wakinywa maziwa mabichi na ya mgando, wakila mikate bapa, na walio pwani wakiokota kome na chaza. Kiazi alikikuta pia, lakini kikiwa bado chakula kimoja kati ya vingi.

Kilichovunja mpangilio huo ni biashara na umiliki wa ardhi. Sheria za Ng'ombe zilizopitishwa London mwaka 1663 na 1667 ziliwazuia Waayalandi kupeleka ng'ombe hai Uingereza, basi wafanyabiashara wa Cork wakachinja, wakatia chumvi na kujaza mapipa. Nyama hiyo ililisha jeshi la majini la Uingereza na mashamba ya miwa ya Karibiani. Siagi ikafuata njia hiyohiyo: soko la siagi lililoanzishwa Cork mwaka 1770 lilikuja kuwa kubwa kuliko yote duniani, likiwa na wakaguzi waliopanga kila pipa kwa daraja, na halikufungwa hadi mwaka 1924. Mkulima aliyepanga shamba aliuza siagi, nafaka na nguruwe ili alipe kodi, na kwa tumbo lake akabakiza kile ambacho eka moja ingeweza kutoa kwa wingi kuliko zao lolote. Mwanamume wa kazi za shamba aliweza kula kilo tano au zaidi za viazi kwa siku, akiteremshia na maziwa yaliyobaki baada ya siagi kusukwa. Siagi yenyewe ilikuwa imeshakwenda sokoni. Ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845, kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Kufikia mwaka 1851 walibaki kama milioni 6.5: takriban milioni moja walikufa, na wengine wengi wakakimbilia ng'ambo. Serikali ya waziri mkuu wa Uingereza, Robert Peel, iliagiza mahindi kutoka Marekani, lakini watu hawakujua kuyapika na usagaji ulikuwa mbovu, wakaumwa matumbo. (Wala ugali wanaweza kuuhurumia mkasa huo kwa namna yao.) Na katika miaka hiyohiyo ng'ombe na siagi viliendelea kuvuka bahari kwenda Uingereza.

Hapa patakuwa na anayepinga: kama watu walikula viazi kwa vizazi vingi, basi viazi ndio asili yao, na maziwa ya wafalme wa kale ni habari za vitabuni. Hoja hiyo ina uzito. Asili haipimwi kwa umri peke yake. Mahindi na mihogo nayo ilikuja kwetu kutoka Amerika, na hakuna anayeinyima sahani yetu uraia. Mkate wa soda, unaotukuzwa kama roho ya nyumba ya Kiayalandi, haujafikisha miaka 200, kwa kuwa magadi ya kuokea yalienea huko karibu na miaka ya 1830. Lakini tazama kwa nini ulipokelewa haraka vile: ngano ya kisiwa hicho ni laini na haiumuki vizuri kwa hamira, ilhali maziwa machachu yalikuwapo kila nyumba yenye ng'ombe, na uchachu wake ndio unaoamsha magadi. Kitu kipya kilikaa juu ya desturi kongwe ya maziwa. Viazi navyo ni hivyohivyo. Viazi vilivyopondwa na kabichi au sukumawiki, na katikati kishimo cha siagi inayoyeyuka, chakula wanachokiita colcannon, ni kiazi kilichorudishiwa kile kilichoporwa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: kwamba hiki kinachosifiwa leo ni chakula cha wenye nyumba kubwa kilichovishwa nguo za mkulima. Myrtle Allen alipofungua mkahawa katika nyumba yake ya Ballymaloe, wilaya ya Cork, mwaka 1964, wateja wake hawakuwa vibarua, na nyota ya Michelin aliyopewa mwaka 1975 haikumsogeza karibu na kina yahe. Hata hivyo alichokifanya ni kuandaa mezani maziwa ya shamba lao, samaki wa bandari jirani na mboga za bustani, wakati hoteli nyingi zilidhani heshima ni mapishi ya Kifaransa. Kama wanyonge walinyimwa siagi yao, sioni ni heshima gani wanayofanyiwa kwa kuendelea kukiita chakula cha dhiki ndicho chakula chao halisi.

Kwa mgeni Mwislamu kutoka Unguja au Muscat hoja hii ina faida ya papo hapo. Coddle, mchuzi wa Dublin, ina soseji na bekoni za nguruwe, na soseji ya damu ni haramu yenyewe, kwa hiyo mwenyeji anayeng'ang'ania vyakula vya mabango ya watalii atamwacha na njaa. Maziwa, chaza na kome, samaki wa kuvuta kwa moshi, jibini za Cork magharibi na mkate wa soda havina tatizo hilo, na mchuzi wa kondoo kwa viazi na vitunguu unahitaji tu nyama ya mchinjaji wa halali. Mwenye mgeni Cork aanzie English Market, soko la mwaka 1788 ambako vingi vya hivyo huuzwa chini ya paa moja, na aende kabla ya Jumapili, kwa sababu siku hiyo hufungwa.