Kuzuru Kitale na Bungoma bila wakala: Jinsi ya kujiandaa mlango wa kuingilia unapobadilika

MNAMO Novemba 5, 2005, meli ya kitalii Seabourn Spirit, iliyokuwa safarini kutoka Alexandria nchini Misri kuja Mombasa, ilishambuliwa na maharamia karibu na pwani ya Somalia. Nahodha alifaulu kuwakwepa, lakini meli haikutia nanga Mombasa kama ilivyokusudiwa. Iligeuzwa ikaelekea Ushelisheli.

Si lazima pawe na maharamia ndipo meli iruke bandari. Upepo mkali au foleni gatini hutosha. Abiria aliyenunua ziara ya nchi kavu kutoka kwa kampuni ya meli yenyewe kwa kawaida hurejeshewa fedha zake. Aliyejipangia, akawasiliana na dereva na kumtumia arbuni, mara nyingi hana wa kumdai. Naye dereva aliyewakataa wateja wengine ili amngojee mgeni wake hana wa kumfidia siku iliyopotea.

Kitale na Bungoma ziko mbali na bahari, lakini anayezizuru kwa mipango yake mwenyewe yumo katika hali iyo hiyo. Mahali atakapoingilia hapaamui peke yake. Aliyetarajia kutua Kitale huenda akajikuta Eldoret, na aliyepanga kuvuka mpaka huko Suam akalazimika kupitia Malaba. Ziara iliyofungwa kwenye mlango mmoja huvunjika yote mlango huo unapofungwa.

Milango yenyewe

Kitale ina kiwanja kidogo cha ndege, na ndege za abiria kutoka Nairobi zimewahi kukihudumia kwa vipindi. Kiwanja cha namna hiyo si cha kutegemewa pekee. Kimbilio la kawaida ni Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Eldoret, kilichofunguliwa mwaka 1997. Mji wa Eldoret uko takriban kilomita 70 kutoka Kitale, lakini kiwanja kiko upande wa pili wa mji, hivyo msafiri hana budi kupenya msongamano wa magari kabla ya kuishika barabara ya Soy na Moi's Bridge. Ni busara kutenga saa mbili, na zaidi wakati wa mavuno, malori ya mahindi yanapojaa barabarani.

Kwa anayekwenda Bungoma, Kisumu ni mlango mwema usiopungua Eldoret. Barabara hupitia Kakamega hadi Webuye, na Webuye ndiyo njia panda: huku Bungoma na Malaba, kule Kiminini na Kitale. Anayeifahamu njia panda hiyo hatatizwa sana na mabadiliko ya kiwanja, maana kutoka hapo anaweza kuanzia kaunti yoyote kati ya hizo mbili.

Kutoka Uganda kuna vituo vitatu vya mpakani vya kuzingatiwa: Suam upande wa Trans Nzoia, Lwakhakha katika Kaunti ya Bungoma, na Malaba katika Kaunti ya Busia. Malaba ndicho kikubwa, na ndicho hulemewa na malori. Januari 2022, madereva walipogomea vipimo vya korona, foleni ilienea kilomita nyingi ndani ya Kenya. Raia wa kigeni wanaotakiwa kuwa na kibali cha kielektroniki cha kuingia Kenya, utaratibu ulioanza Januari 2024, wakipate kabla ya kufika mpakani, kwa kuwa kubadilisha kituo ni rahisi kuliko kutafuta kibali ukiwa umesimama mbele ya afisa.

Kata ziara vipande

Kosa la wengi ni kuandika ratiba kama mnyororo: asubuhi hapa, adhuhuri pale, jioni kwingine. Yafaa kuigawa ziara katika vipande vya nusu siku, kila kipande kikijitegemea, ili kimoja kikianguka vingine visimame.

Mathalani, Hifadhi ya Taifa ya Saiwa, iliyo njia ya Kapenguria, hutembelewa kwa miguu. Ilitengwa mwaka 1974 na ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, ikiwa na eneo la kilomita mraba zipatazo tatu tu. Ilitengwa kwa ajili ya nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu, ambaye huonekana vyema alfajiri au jioni kutoka kwenye majukwaa ya mbao. Msafiri aliyeshushwa Eldoret saa sita mchana asikimbilie Saiwa. Aanze na Makavazi ya Kitale, yaliyo mjini na yenye njia ya msituni nyuma yake, kisha Saiwa aipeleke alfajiri inayofuata. Vipande viwili hivyo hubadilishana nafasi bila hasara yoyote.

Mlima Elgon haukubali mabadilishano ya namna hiyo, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Ramani huonyesha mlima mmoja, nao hudhani kwamba kuukosa upande wa Kitale ni kuupata upande wa Bungoma. Sivyo. Mapango mashuhuri, yakiwemo Kitum na Makingeny, yamo katika hifadhi ya taifa iliyotengwa mwaka 1968, na lango lake ni Chorlim, baada ya Endebess. Kitum ni pango ambamo ndovu huingia gizani usiku kuchokonoa chumvi kwenye kuta kwa pembe zao. Wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikuwa wamelizuru kabla ya kuugua. Anayeingia afuate maagizo ya askari wa hifadhi na asiwaguse popo wala kinyesi chao.

Anayepanda kutoka Kimilili na Kapsokwony, upande wa Bungoma, hukutana na mlima mwingine kabisa: mashamba, msitu, kisha nyanda za juu za Chepkitale, nchi ya jamii ya Ogiek. Mwaka 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma iliamua kwamba kuigeuza Chepkitale kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000 kulikuwa kinyume cha sheria. Kwa mgeni, jambo hilo lina maana ya moja kwa moja: huko amwendee mwenyeji na kuomba ruhusa, asidhani kwamba tiketi ya Chorlim inamtosha. Aidha, eneo hilo lilipitia mauaji ya kundi la SLDF kuanzia 2006 na operesheni ya jeshi ya Machi 2008. Vitabu vingi vya wasafiri viliandikwa wakati huo au kabla yake, na hali halisi huulizwa kwa wenyeji wiki ileile ya safari.

Mvua ikiifanya njia ya mlimani kuwa tope, Bungoma ina vipande vya akiba karibu na lami. Maporomoko ya Nabuyole ya Mto Nzoia yako Webuye, na juu ya mji huo kuna kilima cha Chetambe, ambapo Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Vyote viwili hutosha kwa nusu siku, tena humfaa aliyetoka Kisumu sawa na aliyetoka Eldoret.

Hasara ni ya nani?

Swali hili huachwa hadi mambo yaharibike, ilhali ndilo la kwanza. Ada za hifadhi hulipwa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, wala si kwa fedha taslimu langoni, kwa hivyo heri kuzilipa baada ya kufika mjini Kitale kuliko wiki mbili kabla. Hoteli ichaguliwe inayokubali kusogeza tarehe.

Dereva na mwelekezi ni jambo jingine. Hao hawana bima ya siku iliyopotea. Makubaliano yawe kwa ujumbe mfupi wa simu ambao pande zote mbili zitaubakiza: mgeni atasubiriwa wapi, hadi saa ngapi, na atalipa kiasi gani asipotokea. Arbuni ya haki ni ile inayofidia petroli na nusu siku ya kazi. Kinachozidi hapo humweka mgeni hatarini, na kinachopungua humwonea mwenyeji. Mlango ukibadilika usiku, mgeni apige simu usiku uo huo, kwani dereva wa Kitale aliyeambiwa mapema anaweza kumfuata Eldoret, au kumkabidhi kwa mwenzake wa Webuye na kugawana malipo.

Jambo la mwisho ni kalenda. Agosti ya kila mwaka wa shufwa, kama vile 2024 na 2026, ni msimu wa tohara ya Wabukusu. Misafara ya vijana wenye njuga, pamoja na jamaa zao, hujaza barabara za Bungoma mchana na usiku, na mwendo wa saa moja huweza kuwa wa saa tatu. Mwenye ndege ya asubuhi alale Eldoret au Kisumu usiku wa kuamkia safari.