Kutoka Uhamisho hadi Pasi Maalumu: Historia Fupi ya Kibali cha Kazi Afrika Mashariki

Wahitimu wetu wanaoitwa kufundisha Kiswahili Kigali au Nairobi kwa muda mfupi hutuuliza kama wanahitaji viza. Mganda hahitaji viza kwenda huko. Lakini viza humruhusu mtu kuingia tu. Kufanya kazi kunataka kibali, na kibali kina historia yake.

Zamani kazi ya muda katika nchi jirani iliitwa uhamisho. Mtumishi wa Reli za Afrika Mashariki alipewa barua, akapanda gari moshi, akaripoti kituo kipya. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, kiliziunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam katika taasisi moja. Wazee wanaoukumbuka wakati ule huusimulia kana kwamba mipaka haikuwapo. Ilikuwapo, ila haikuwa imepata meno.

Meno yaliota mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 1 Desemba 1967 Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika. Siku hiyo hiyo ilianza kutumika Sheria ya Uhamiaji ya Kenya, iliyomtaka asiye raia awe na kibali ndipo afanye kazi. Waliolengwa hasa walikuwa Waasia waliokuwa hawajachukua uraia, na wengi wao walikimbilia Uingereza kabla nayo haijafunga mlango Machi 1968. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 1969. Mwaka uliofuata serikali ya Obote iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya wapatao 30,000, wengi wao Waluo. Basi tusiseme kwamba kila kitu kiliharibika Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mfanyakazi wa kawaida alikuwa amekwisha kufungiwa mlango Jumuiya ingali hai.

Sisi walimu wa lugha hatuwezi kulipita neno lenyewe. Kibali linatokana na kukubali, na maana yake ya zamani ni upendeleo: mtu hupata kibali mbele ya mkubwa. Kwa miaka zaidi ya 40 ofisi za uhamiaji zililishika neno hilo kwa maana yake kamili. Ukipewa, shukuru, ukinyimwa, rudi kwenu.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ilijaribu kuugeuza upendeleo huo kuwa haki. Kanuni zake zinasema mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, naye ajibiwe ndani ya siku 30. Mwenye mkataba usiozidi siku 90 hupewa pasi maalumu, na hiyo ndiyo inayowahusu wengi wa wanaotuuliza. Hata hivyo kila nchi iliorodhesha yenyewe fani itakazozifungulia mlango, na ada zikabaki mikononi mwa kila serikali. Kenya na Rwanda ziliafikiana mapema kuondoleana ada za vibali. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2015, ilitenganisha kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi kinachotolewa na Uhamiaji. Kwa hiyo anayeajiriwa huko hupitia milango miwili.

Wanaonaswa zaidi ni wale wa wiki sita. Mpakani raia wa Jumuiya hugongewa muhuri wa mgeni, ambao kwa mujibu wa kanuni unaweza kufika miezi sita, naye huona muda huo unamtosha na kubaki. Muhuri ule ni wa kutembelea ndugu na marafiki, hauruhusu kushika chaki. Shule inayokuita ndiyo inayopaswa kukuandikia barua ya ajira yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Barua hiyo, pasipoti na nakala za vyeti vyako zipelekwe Uhamiaji wa nchi ile kabla hujakata tiketi ya basi.