Sukari Haina Rangi

Yeyusha kijiko cha glukosi katika glasi ya maji safi, kisha iweke kando ya glasi nyingine yenye maji matupu. Macho hayataona tofauti. Hata mashine ya maabara, ukiipitisha kila rangi ya mwanga kuanzia zambarau hadi nyekundu, itakujibu kwamba glasi zote mbili ni sawa. Glukosi haifyonzi mwanga unaoonekana. Hufyonza kidogo mwanga wa infraredi, lakini huko maji hufyonza zaidi na kuifunika.

Hata hivyo wanafunzi wa kemia na biokemia vyuoni hupima glukosi kwa mwanga, tena hupata majibu ya kuaminika. Wanachokipima si sukari yenyewe bali ni rangi ya kitu kingine ambacho sukari imekibadilisha. Kwa hiyo historia ya kipimo hiki ni historia ya kumsaka shahidi: kitu kitakachogeuka rangi mbele ya glukosi, kisigeuke mbele ya kingine chochote, na kigeuke kwa kadiri ya sukari iliyopo, bila kuzidisha wala kupunguza.

Shahidi wa kwanza alikuwa ulimi. Mwaka 1674 daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa mgonjwa wa kisukari ni mtamu, jambo ambalo waganga wa India walikuwa wamelijua karne nyingi kabla yake. Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool alichapisha taarifa ya mkojo aliouchemsha hadi ukakauka, ukabaki unga mweupe wenye ladha ya sukari. Akaongeza kwamba hata maji ya damu ya mgonjwa yalikuwa matamu. Mwaka 1815 Mfaransa Chevreul alionyesha kwamba sukari hiyo ni ile ile ya zabibu, yaani glukosi. Ulimi ulikuwa umefika mwisho wa uwezo wake: unajua kutamka “tamu”, haujui kutaja gramu.

Kemia ilileta shaba. Karl Trommer mwaka 1841, kisha Hermann von Fehling wa Stuttgart mwaka 1848, walitumia tabia moja ya glukosi: ikipashwa moto pamoja na salfeti ya shaba katika myeyusho wenye alkali, huinyang'anya shaba oksijeni, na rangi ya bluu hugeuka mashapo mekundu. Dawa ya Fehling ilikuwa kali na haikukaa, hivyo ilibidi ihifadhiwe katika chupa mbili na kuchanganywa wakati wa kazi. Mwaka 1908 Mmarekani Stanley Benedict alitoa dawa ya chupa moja, yenye kaboneti na sitreti ya sodiamu, inayodumu rafuni kwa miezi.

Aliyesoma baiolojia katika shule ya sekondari ya Kenya au Tanzania anaijua dawa hiyo. Bluu, kijani, njano, chungwa, halafu nyekundu ya tofali. Anajua pia kwamba sukari ya chai haiibadilishi hadi ichemshwe kwanza na asidi hafifu, kisha asidi ile iuliwe kwa bikaboneti. Jaribio hili huonekana la kitoto, lakini ndani yake mna kasoro iliyowasumbua wakemia hadi miaka ya 1950: shaba haitambui glukosi. Inatambua kitu chochote kinachoweza kuinyang'anya oksijeni, iwe fruktosi, maltosi au hata vitamini C.

Tatizo la pili lilikuwa jicho. Kijani hiki na kijani kile, kipi kina sukari zaidi, na zaidi kwa kiasi gani?

Jibu lilikuwa limeanza kuandikwa zamani, na mwandishi wake hakuwa na habari na sukari wala mkojo. Pierre Bouguer, mwalimu wa ubaharia kutoka pwani ya Brittany huko Ufaransa, alitaka kujua mwanga wa nyota hupungua kiasi gani unapopita angani. Katika kitabu chake cha 1729 alieleza jambo ambalo kwangu ndilo msingi wa yote yaliyofuata: jicho halina uwezo wa kusema mwanga huu ni mara ngapi ya ule, lakini lina uwezo mkubwa wa kusema kwamba mianga miwili iliyo kando kwa kando ni sawa. Basi usiliulize jicho “kiasi gani”. Liulize “sawa au si sawa”, na hesabu uifanye kwa umbali wa mishumaa. Kwa njia hiyo alikadiria kwamba jua linang'aa mara 300,000 kuliko mwezi mpevu. Kipimo cha leo ni takriban mara 400,000. Si haba kwa mtu mwenye mishumaa.

Bouguer aligundua pia kwamba kila tabaka la kioo lenye unene ule ule hufyonza sehemu ile ile ya mwanga unaolifikia, si kiasi kile kile. Ni kama mfanyabiashara anayepita vizuizi vingi barabarani, kila kizuizi kikimtoza nusu ya kilichobaki mfukoni: cha kwanza kinamwachia nusu, cha pili robo, cha tatu thumuni. Johann Heinrich Lambert aliliweka jambo hilo katika hesabu safi mwaka 1760. Mwaka 1852 August Beer wa Bonn, aliyekuja kufariki akiwa na miaka 38 tu, alionyesha kwamba hata myeyusho wenye rangi hufuata kanuni hiyo, na kwamba kuongeza ukolezi ni sawa na kuongeza unene. Ukichukua logarithimu ya mwanga ulioingia ukiugawa kwa uliotoka, unapata namba inayopanda sambamba na ukolezi. Mwanafunzi wa leo huiita kanuni ya Beer na Lambert. Bouguer, aliyetangulia, jina lake huachwa mara nyingi.

Fundi wa Paris, Jules Duboscq, ndiye aliyeigeuza kanuni kuwa chombo karibu mwaka 1870. Kolorimita yake ilikuwa na vikombe viwili vya kioo, kimoja na myeyusho unaojulikana ukolezi wake, kingine na usiojulikana. Mpimaji alichungulia katika lenzi akaona duara lililogawanyika nusu mbili, akawa anapandisha na kushusha kikombe hadi nusu zote mbili zilingane rangi. Kisha alisoma kina cha kila kikombe kwenye rula. Wazo la Bouguer lile lile: jicho linaulizwa sawa au si sawa, basi.

Chombo kikawepo, shahidi akawa bado dhaifu. Chuo Kikuu cha Harvard ndiko shahidi huyo alikotafutwa kwa bidii kubwa, na Otto Folin, mzaliwa wa Sweden, pamoja na mwanafunzi wake Hsien Wu kutoka Fuzhou, China. Mwaka 1919 walichapisha utaratibu mzima wa kupima damu. Kwanza waliondoa protini kwa asidi ya tangsteni, wakapata maji maangavu. Kisha walichukua mililita 2 tu za maji hayo, wakazichemsha na shaba, halafu wakatia asidi ya molibdeni na fosfati ambayo, ikikutana na shaba iliyonyang'anywa oksijeni, hugeuka bluu ya kupendeza. Bluu hiyo ndiyo iliyosomwa katika kolorimita.

Lakini kulikuwa na mwizi: hewa. Shaba iliyokwisha kunyang'anywa oksijeni huirudisha kutoka hewani kabla mpimaji hajaiona, na sukari ikaonekana pungufu. Mwaka 1920 Folin na Wu walilijibu kwa testitubu ya umbo jipya. Chini ina tumbo, juu yake shingo nyembamba, na kimiminika hufika shingoni tu, kwa hiyo eneo linalogusana na hewa ni dogo mno. Fundi wa kioo tu na akili. Mirija hiyo ilitumika katika maabara za hospitali kwa miongo kadhaa.

Wakati huo huo kipimo cha sukari kikawa suala la kufa na kupona. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana Leonard Thompson alidungwa dawa iliyosafishwa, sukari ya damu yake ikashuka kutoka miligramu 520 hadi 120 kwa kila mililita 100 katika siku moja. Bila kipimo cha rangi nani angejua? Banting na Best, waliogundua insulini hiyo, katika majaribio yao ya mbwa walitumia njia iliyotokana na kazi ya Benedict: asidi ya pikriki, ya njano, ambayo sukari huigeuza nyekundu nzito. Asidi hiyo hiyo ilijazwa katika mabomu ya vita, na ina kasoro nyingine isiyotisha kiasi hicho: kreatinini, taka ya kawaida ya misuli iliyojaa kwenye mkojo, nayo huigeuza nyekundu.

Hapo anaingia James Sumner. Akiwa na miaka 17 alipigwa risasi kwa bahati mbaya na mwenzake wa kuwinda, akakatwa mkono wa kushoto. Naye alikuwa wa mashoto. Alipokwenda kwa Folin kuomba kusomea udaktari wa falsafa, Folin alimshauri akasome sheria, kwa kuwa mtu wa mkono mmoja hatafaulu katika kemia. Sumner alikataa ushauri, akabaki, akahitimu kwa Folin huyo huyo. Mwaka 1926, Chuo Kikuu cha Cornell, alikuwa wa kwanza kupata kimeng'enya katika umbo la fuwele, na kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1946.

Kabla ya sifa hizo, mwaka 1921, alitoa kitu kidogo ambacho wanafunzi wengi wamekigusa kuliko fuwele zake: asidi ya dinitrosalisiliki, ambayo maabara zote huiita DNS kwa ufupi. Ni ya njano kama pikriki, sukari huigeuza rangi ya chungwa inayoelekea hudhurungi, na haidanganywi na kreatinini.

DNS ingesahaulika kama si jeshi la Marekani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mahema na sare za pamba zilioza kwa kasi katika visiwa vya Pasifiki, na kuvu mmoja aliyepatikana visiwa vya Solomon alikuja kuchunguzwa katika maabara ya jeshi huko Natick, Massachusetts. Kuvu huyo hula pamba kwa kuivunja iwe glukosi, hivyo kujua nguvu ya vimeng'enya vyake ni kupima glukosi inayotoka. Mwaka 1959 Gail Miller, wa maabara hiyo, alichapisha makala fupi ya kuitengeneza upya dawa ya Sumner. Aligundua kwamba chumvi ya Rochelle iliyomo hushikilia rangi isififie, lakini huizuia salfaiti iliyomo pia isiilinde sukari dhidi ya oksijeni. Suluhisho: usiitie mwanzoni, itie baada ya kuchemsha. Mwanafunzi wa leo anayeambiwa na mwongozo wake amimine chumvi ya Rochelle baada tu ya kutoa testitubu kwenye maji ya moto, kisha apoze na kusoma kwenye nanomita 540, anatii agizo la Miller, ijapokuwa miongozo mingi haimwambii sababu.

Jicho nalo lilikwisha kustaafishwa. Mwaka 1941 kampuni ya Arnold Beckman huko California ilitoa spektrofotomita ya DU, iliyochagua wimbi moja la mwanga kwa prizimu na kuusoma kwa seli ya umeme. Vyuo vingi havikuimudu. Kilichoingia madarasani ni Spectronic 20 ya Bausch & Lomb, ya mwaka 1953: sanduku lenye kitufe cha kuchagua wimbi, tundu la testitubu na mshale. Ilitengenezwa kwa zaidi ya nusu karne.

Ilibaki ile kasoro ya zamani, ya shahidi asiyetambua sura. DNS, kama shaba, hugeuka mbele ya fruktosi na maltosi pia. Tiba ilitoka kwenye ukungu. Mwaka 1928 Detlev Müller wa Copenhagen aligundua katika Aspergillus niger kimeng'enya kinachoshughulika na glukosi. Miaka ya 1940 kimeng'enya cha aina hiyo kilipatikana katika ukungu wa penisilini, watu wakadhani wamepata dawa mpya ya kuua bakteria. Kumbe kilichokuwa kikiwaua ni peroksidi ya haidrojeni, ambayo kimeng'enya huitoa kinapokula sukari. Mwaka 1956 Albert Keston aliiunganisha peroksidi hiyo na kimeng'enya cha pili kinachoitumia kutengeneza rangi. Rangi za awali zilishukiwa kuleta saratani. Mwaka 1969 Trinder, wa hospitali ya Sunderland, Uingereza, akaleta mchanganyiko wa fenoli unaotoa rangi ya waridi, unaosomwa karibu na nanomita 505. Vifurushi vingi vya maabara za kufundishia hadi leo ni vya Trinder.

Shahidi huyu ni mchaguzi kupita kiasi. Glukosi majini ina maumbo mawili, alfa na beta, na kimeng'enya hushika beta. Unga wa glukosi wa dukani kwa kawaida ni alfa, na ukiyeyushwa huchukua saa kadhaa kufikia mizani ya takriban asilimia 36 kwa 64. Mwanafunzi anayeyeyusha viwango vyake asubuhi na kupima papo hapo atapata mstari ulioinama chini, atailaumu mashine, na mashine haina kosa.

Mwaka ule ule wa Keston, 1956, Helen na Alfred Free wa Indiana walikausha vimeng'enya hivyo kwenye kijikaratasi cha kupima mkojo, na mwaka 1970 ikaja mashine ya kusoma rangi ya kijikaratasi cha damu. Lakini vifaa vya nyumbani vya leo, vile vya tone la kidole, kwa sehemu kubwa vimeuacha mwanga; tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 vinasoma umeme.

Mwanga umebaki kwa wenyewe: mashine kubwa za hospitali na maabara za wanafunzi. Huko njia inayoheshimiwa zaidi ni ya kimeng'enya cha heksokinasi, ambayo haina rangi kabisa. Kila molekuli ya glukosi huzalisha molekuli moja ya NADPH, inayofyonza mwanga wa nanomita 340, nje ya uwezo wa jicho. Kiasi kinachofyonzwa kilipimwa na Horecker na Kornberg mwaka 1948: 6,220 kwa kila moli katika lita, kwa njia ya sentimita moja. Kwa namba hiyo mwanafunzi halazimiki kuchora mstari wa viwango. Mashine ikisoma 0.622, anagawa kwa 6,220, anapata milimoli 0.1 kwa lita. Na kama alizimua damu mara 50, aliyetoa damu ana 5.0, ambayo ni sukari ya mtu mzima wa afya asiyekula tangu jana.