Nyumba za Wajane wa Chibinda Ilunga: Cheo na Undugu katika Musumba

Musumba, makao makuu ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, iko Kapanga, katika jimbo la Lualaba. Historia yake huelezwa zaidi kwa majina ya wafalme. Makala haya mafupi yanahusu wanawake wawili walioolewa na mume mmoja, na nyumba zao ambazo hazikuvunjika alipofariki.

Masimulizi ya kale yasema kwamba Ruwej, binti mtawala wa Walunda, aliolewa na Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka Uluba, akamkabidhi lukano, bangili ya ufalme. Ndugu zake Kinguri na Chinyama walikasirika, wakahama. Ruwej hakujaliwa mtoto, basi akampa mumewe mke wa pili, Kamonga. Mtoto wa Kamonga ndiye aliyerithi ufalme.

Mume alipokufa, wajane hao wangaliweza kusahauliwa. Lakini kwa Walunda, mrithi wa cheo hurithi pia jina la marehemu na undugu wake wote. Kwa hiyo nafasi ya Ruwej ikawa cheo cha Swana Mulunda, mama wa Walunda. Na nafasi ya Kamonga ikawa cheo cha Lukonkesha, mama wa mfalme. Kila Mwant Yav, hata akiwa mzee kuliko wao, huwakuta mama zake wakimngoja.

Cheo hicho hakikuwa heshima tupu. Mjerumani Paul Pogge, aliyefika Musumba mwaka 1875, alimkuta Lukonkesha akiwa na baraza lake, watumishi wake na vijiji vilivyomlipa yeye kodi. Tena, mfalme mpya hakusimikwa bila kibali chake. Wakati huo kila mfalme alijenga Musumba mpya, na nyumba ya Lukonkesha ilijengwa upya pamoja nayo. Kilichodumu, basi, hakikuwa kuta bali haki ya mwenye nyumba.

Hata hivyo tusikipambe kisa hiki kupita kiasi. Lukonkesha alichaguliwa katika jamaa ya kifalme, na wageni wa karne ya 19 waliandika kwamba hakuruhusiwa kuzaa: mama wa mfalme alinyimwa kuwa mama wa mtoto wake mwenyewe. Wala mjane wa mkulima hakupata baraza wala kodi.

Faida ya kisa hiki ni nyingine. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimpa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mumewe. Lakini wapo ndugu wa marehemu wanaomtoa nje, wakisema kwamba mababu walifanya hivyo. Historia ya Musumba yatupa jibu: kati ya mababu hao wamo waliojenga ufalme mzima juu ya kanuni kwamba kifo cha mume hakiivunji nyumba ya mke. Atajaye desturi na aitaje yote.