Maabara inapimaje kama majani ya mwarobaini yanazuia bakteria?

Mwarobaini umepata jina lake kwa imani kwamba unatibu magonjwa 40. Mtaani majani yake yanachemshwa kwa homa, vidonda, hata UTI. Maabara huanza na swali dogo zaidi: je, ndani ya jani kuna kitu kinachozuia bakteria wasikue?

Majani hukaushwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa kwenye maji au spiriti. Spiriti hutumika sana kwa sababu baadhi ya viambata, kama nimbolidi, haviyeyuki vizuri kwenye maji. Baada ya kuchuja na kuivukiza spiriti, kinachobaki ni kitu kizito kinachoitwa dondoo. Kwa hiyo tayari si sawa na kile kikombe cha nyumbani.

Sasa zamu ya bakteria. Mara nyingi huchaguliwa Staphylococcus aureus, anayejulikana kwa majipu na vidonda, na E. coli, anayesababisha UTI nyingi. Hupakwa kwenye kisahani chenye jeli ya agari, juu yake vikawekwa vikaratasi vya duara vya milimita 6 vilivyolowanishwa kwa dondoo. Kisahani hukaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24. Bakteria wakishindwa kuota kuzunguka kikaratasi, hubaki duara safi, nalo hupimwa kwa rula.

Usishangilie bado. Lazima kiwepo kikaratasi chenye antibayotiki inayojulikana, na kingine chenye kile kimiminika tu kilichoyeyusha dondoo. Spiriti yenyewe inaua bakteria, kwa hiyo bila kikaratasi hicho cha pili huwezi kujua duara limetokana na nini.

Ukubwa wa duara nao unaweza kudanganya, kwani kuna viambata visivyosambaa vizuri kwenye jeli. Ndiyo maana hufuata kipimo kingine: dondoo hupunguzwa makali nusu kwa nusu kwenye kibao cha vishimo 96, ili kupata kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria.

Je, matokeo mazuri yanamaanisha ninywe?

Hapana. Kisahani hakina ini wala figo. Hakisemi kama kiambata kitafika kwenye kibofu, wala dozi ipi ni salama. Mafuta ya mbegu za mwarobaini, kwa mfano, yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo waliopewa kama dawa.

Kama una UTI inayojirudia, teknolojia hiyohiyo inaweza kukusaidia leo. Uliza hospitali kuhusu kipimo cha kuotesha mkojo. Bakteria wako watawekwa kwenye kisahani na kuzungushiwa vikaratasi vya antibayotiki tofauti, daktari aone ipi inawazuia. Kipimo huchukua siku mbili tatu, na sampuli itolewe kabla hujaanza kumeza dawa.