Muuguzi wa Wodi Ndiye wa Kuuliza

Leo turudi nyuma kidogo, tuone jinsi ushauri wa kupanga uzazi ulivyofika kando ya kitanda cha mwanamke ambaye mimba yake imetoka, iwe imeharibika yenyewe au ameitoa.

Ukitoka katikati ya Nairobi kuelekea Ngong Road, hufiki mbali kabla ya kuiona Hospitali Kuu ya Kenyatta. Wanawake wa Kibera, Kawangware na Dagoretti wanaijua vizuri. Katika miaka ya 1980, wodi yake ya dharura za wanawake ilijaa wagonjwa ambao mimba zao zilitoka vibaya. Wengine walikuwa wakivuja damu, wengine wameambukizwa ndani ya tumbo la uzazi baada ya kutumia vijiti na dawa za vichochoroni. Kusafishwa kulihitaji chumba cha upasuaji na dawa ya usingizi, kwa hivyo foleni ilikuwa ndefu na wagonjwa walilala wawili wawili.

Mwishoni mwa miaka hiyo kikaja kifaa cha kufyonza kwa mkono, kinachofanana na bomba kubwa la sindano. Kwa kifaa hicho mwanamke husafishwa akiwa macho, kwa dakika chache, na mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mtu akiondoka haraka hivyo, nani atazungumza naye?

Si kwamba Kenya ilikuwa ngeni katika kupanga uzazi. Chama cha Kupanga Uzazi, FPAK, kilikuwepo tangu mapema miaka ya 1960, na mwaka 1967 serikali ikaanzisha mpango wa taifa, mbele ya nchi nyingi za Afrika. Shida ni kwamba tembe na sindano zilikaa kliniki ya mama na mtoto, naye mgonjwa alilazwa wodini. Aliporuhusiwa aliambiwa, "Nenda kliniki." Pengine kliniki ilikuwa imefungwa. Pengine ilikuwa wazi, na benchi limejaa akina mama waliobeba watoto wachanga. Wewe umepoteza mimba asubuhi, utaketi hapo? Wengi walipanda matatu wakaenda zao.

Na mwili haungoji. Baada ya mimba changa kutoka, yai laweza kukomaa tena katika muda wa siku 10 hivi, kabla mwanamke hajaona hedhi. Anayesema "bado sijapata siku zangu, niko salama" anajidanganya bila kujua. Ndivyo mtu anavyorudi wodi ile ile kabla mwaka haujaisha.

Mwaka 1994, katika mkutano wa Cairo kuhusu idadi ya watu, serikali zilikubaliana kwamba ushauri na huduma za kupanga uzazi zitolewe bila kuchelewa baada ya mimba kutoka. Kwa njia gani? Kati ya 1996 na 1997, hospitali sita za Kenya zilijaribu njia tatu: ushauri kutolewa wodini na wahudumu wa wodi wenyewe, kutolewa wodini na muuguzi anayetoka kliniki, au mgonjwa kupelekwa kliniki. Njia ya kwanza ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Mimi sishangai. Aliyekushika mkono ukiumia ndiye utakayemuuliza swali la aibu.

Safari haikunyooka. Mwaka 2001 Marekani ilirudisha masharti ya kuwanyima msaada wake wa kupanga uzazi mashirika ya nje yanayojihusisha na utoaji mimba. FPAK na Marie Stopes Kenya walikataa kutia sahihi, pesa zikakatika, na baadhi ya kliniki zao zikafungwa. Aliyeumia ni mama aliyefuata sindano yake tu.

Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa ulikadiria kwamba mimba 464,690 zilitolewa Kenya, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa madhara yake. Katiba ya 2010 inaruhusu utoaji mimba katika hali chache tu, lakini Katiba hiyo hiyo inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kwa hivyo usiogope kwenda hospitali.

Muuguzi mwema hatakuhoji kama polisi. Atatuliza maumivu kwanza, avute pazia, kisha aulize kama unataka mtoto sasa au baadaye. Ukimtaka, Shirika la Afya Duniani linashauri ungoje angalau miezi 6. Usipomtaka, tembe, sindano au kipandikizi huweza kuanza siku hiyo hiyo. Koili pia, mradi huna maambukizi wala jeraha ndani. Ukikataa zote, matibabu yako hayapungui hata kidogo.

Asipokuuliza, muulize wewe kabla ya kuvaa viatu: "Sista, nani atanieleza kuhusu kupanga uzazi, hapa hapa?"