Chombo Kikubwa na Mashini Mbili: Mafundisho ya Ziwa Tanganyika

Sisi tukaao kando ya Ziwa Tanganyika twajua jambo hili: mtu akipata faida kwa mtumbwi, ataka mashua, akipata mashua, ataka mashini, akiisha kupata mashini moja, macho yake hayatulii tena, yatafuta chombo kikubwa chenye vyumba vya kulala na mashini mbili nyuma. Si vibaya kutamani hivyo. Ziwa letu ni refu, kilometri 670 hivi, na wakati wa kiangazi pepo za kusini zainua mawimbi yasiyomhurumia mtu.

Juzijuzi jirani zetu walikaa baraza juu ya neno hili. Wamekusanya akiba ya miaka mingi, na ndani yake imo fedha ya wajane wauzao ndagala. Wakatuuliza: «Mwalimu, wewe umesoma vitabu. Tununue au tusinunue?» Sisi si mafundi wa mashini. Tukawajibu kwa habari za kale, maana swali hilo lilikwisha kuulizwa ziwani humu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na waliolijibu walilipa sana.

Meli ya mvuke ya kwanza ziwani iliitwa Good News. Wamisionari Waprotestanti wa London waliishusha majini mwaka 1885. Ilitoka Uingereza vipande vipande, ikapita njia ya Ziwa Nyasa, kisha ikabebwa na wapagazi mpaka huku. Mwaka 1900 Wajerumani nao wakashusha yao, Hedwig von Wissmann, nayo ikaja vipande vipande. Zote mbili zilikuwa ndogo. Kwa nini? Je, ziwa halikuwa na nafasi? La! Mpagazi hawezi kubeba kuliko nguvu zake. Basi urefu wa meli haukupimwa na ziwa. Ulipimwa na njia.

Mwaka 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Mara chombo kikubwa kikawezekana. Huko Papenburg, katika Ujerumani, kiwanda cha Meyer kilikuwa kimekwisha kuunda meli Graf von Götzen, yenye urefu wa metri 70 na zaidi, na mashini mbili za mvuke. Waliifungua tena yote, wakaitia katika masanduku 5000 hivi, wakaipakia merikebuni, kisha katika gari la moshi. Mwaka 1915 ikaelea Kigoma. Hakuna chombo kingine ziwani kilicholingana nayo.

Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Mwezi wa Agosti 1914 Hedwig iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiharibu. Wajerumani wakawa mabwana wa ziwa. Waingereza walifanyaje? Hawakutafuta meli kubwa kuliko zote. Walichagua mashua mbili, Mimi na Toutou, kila moja ya metri 12 tu, lakini yenye mashini mbili za esansi, nguvu za farasi 100 kila mashini. Mwezi wa Juni 1915 ziliondoka Uingereza chini ya mkuu wao Spicer-Simson. Zikafika Cape Town, zikapanda reli mpaka Fungurume katika Katanga. Toka hapo zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashini za moshi na kwa ng'ombe. Watu wa Katanga walikata miti, wakafyeka njia, wakajenga madaraja mengi. Vitabu vimeyahifadhi majina ya mashua. Majina ya watu wale hayakuandikwa. Katika Lualaba maji yalikuwa machache, zikaelezwa juu ya mapipa. Mwishowe reli ya Kabalo, iliyomalizika mwaka ule ule, ikazifikisha ziwani, karibu na mto Lukuga, mahali paitwapo leo Kalemie.

Tazameni, hata hapo hawakuzishusha majini mara moja. Kwanza walitengeneza bandari ndogo yenye kikingo cha mawe. Ndipo mwezi wa Desemba wakazishusha, na tarehe 26 wakaiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, kwa muda wa dakika chache.

Hapo wakaingiwa na tamaa ya ukubwa. Kingani ikapewa jina la Fifi, na juu yake wakaweka mzinga mzito kuliko ule wa kwanza. Lakini kila ulipopigwa, kishindo chake kilisimamisha meli yote majini! Tarehe 9 Februari 1916 walipoikimbiza Hedwig, Fifi ilibaki nyuma. Mimi, ile ndogo yenye mashini mbili, ndiyo iliyotangulia, ikamsumbua adui hata akalazimika kugeuka. Ndipo Fifi ikapata kumfikia na kumzamisha. Na Toutou je? Siku hiyo haikutoka. Ilikuwa imeharibika, yangoja mafundi. Mashini zake mbili hazikuisaidia neno.

Na ile kubwa, Götzen? Haikushindwa katika vita vya majini. Ila Wabelgiji walipokaribia Kigoma kwa nchi kavu, Wajerumani waliona kwamba bandari na reli zapotea. Meli ya namna ile bila bandari ni mzigo tu. Basi tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha wenyewe, wakiisha kupaka mashini zake mafuta mazito ili zisile kutu. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena mwaka 1920. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakazikuta mashini zingali nzima. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ikachukua watu na mizigo miaka mingi. Ni kwa sababu gani? Mikono yenye uangalifu iliyopaka mafuta siku ya kushindwa ndiyo iliyoiokoa.

Basi tuliwaambia jirani zetu hivi. Mashini mbili zina faida ya kweli: moja ikifa katikati ya ziwa, ya pili yaweza kuwarudisha, tena bandarini moja ikisukuma mbele na nyingine nyuma, chombo chageuka mahali pembamba. Lakini zikinywa katika tangi moja, mazutu machafu yataziua zote mbili saa ile ile. Kwa hiyo kila moja iwe na tangi lake na chujio lake. Tena zataka mafuta mengi, vipuri vingi, na fundi anayezijua zote mbili. Uzito ukiongezwa juu, chombo chalewalewa. Na chombo kisichoweza kuvutwa mchangani kama mtumbwi chataka mahali pa kujificha siku ya dhoruba. Msiulize kwanza urefu wake. Ulizeni kitalala wapi, kitakula nini, na nani atakitibu.

Baraza likanyamaza kidogo. Kisha mama mmoja mzee, mwenye fedha yake katika akiba ile, akauliza: «Sasa sisi gati tunayo?» Hakuna aliyejibu, maana wote walijua kwamba hatuna. Wakakata shauri: mwaka huu watakusanya mawe na kujenga kikingo, na kijana mmoja atapelekwa Kalemie kujifunza ufundi wa mashini. Akiba ingaliko. Chombo kitangoja.